Mto Msimbazi: Mto Mdogo Katika Bonde Kubwa

Jina la Msimbazi halihitaji utangulizi kwa mwanafunzi wa Tanzania. Klabu ya Simba huitwa Wekundu wa Msimbazi kwa sababu makao yake yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Na watani wao wa jadi, Yanga, huitwa Watoto wa Jangwani kwa sababu makao yao yako ukingoni mwa uwanda wa Jangwani, ambao ni sehemu ya bonde la Mto Msimbazi. Hivyo, timu hizi mbili zikutanapo, nchi nzima hutaja bonde moja kwa majina mawili, na ni wachache mno wanaolitambua jambo hilo.

Tumwombe sasa msomaji asahau mpira kwa muda, aende Mchikichini, kata iliyo jirani na Kariakoo, kisha ateremke kwa Barabara ya Kawawa inayolivuka bonde kuelekea Kigogo. Kama ni mwezi wa Agosti, atakaposimama darajani ataona maji machache, meusi, yanayojipenyeza katikati ya mchanga na takataka. Mahali pengine mtu mzima angeweza kuvuka bila kulowa magoti. Lakini akiinua macho na kutazama kutoka ukingo wa Mchikichini hadi ukingo wa pili, ataona bonde lenye upana wa mamia ya mita, tambarare kama sakafu. Mto ni mdogo na bonde ni kubwa. Je, kijito kama hiki kiliwezaje kuchimba bonde kama hili? Na kama bonde si lake, ni la nani? Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo, kwani wengi waliopoteza maisha na mali bondeni humu waliupima mto kwa mkondo waliouona wakati wa kiangazi.

Kutoka Pugu hadi baharini

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, magharibi ya jiji la Dar es Salaam. Urefu wake ni kama kilomita 36 tu. Msomaji aulinganishe na Rufiji au Ruvuma ataona kuwa haustahili hata mstari mmoja katika ramani ya ukutani, na kwa kweli katika ramani nyingi za shule haumo. Hushuka kutoka Pugu, ukapita Ulongoni na Kinyerezi, ukapenya kati ya Vingunguti na Tabata, ukafika Kigogo na Mchikichini, ukatandaa Jangwani, kisha ukapita nyuma ya Muhimbili na Upanga na kuingia Bahari ya Hindi katika Daraja la Selander. Njiani hupokea vijito kadhaa, miongoni mwao Luhanga, Sinza na Mto Ng'ombe.

Eneo lote ambalo mvua yake, inyeshe mlimani au juu ya paa la nyumba, hatimaye huishia katika mto mmoja, huitwa beseni la mto huo. Beseni la Msimbazi lina ukubwa wa karibu kilomita 290 za mraba. Tutaihitaji hesabu hii baadaye. Mwanafunzi na aiandike pembeni.

Vilima vya Pugu vinajulikana kwa mambo mengi. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Pugu kabla ya kuacha kazi hiyo mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Kwa mwanajiolojia, hata hivyo, Pugu ni kwanza kabisa mahali pa kaolini, yaani udongo mweupe laini utumikao kutengenezea vyombo vya kauri na karatasi, na akiba iliyopo huko ni miongoni mwa akiba kubwa duniani. Udongo huo umo ndani ya mwamba wa mchangatifu. Mwamba huo ni dhaifu: maji ya mvua huutafuna kwa urahisi, yakachukua mchanga wake na kuutupa chini. Hivyo Msimbazi ni mto mfupi ambao tangu kuzaliwa kwake umebeba mzigo mkubwa wa mchanga.

Jambo jingine la kuzingatia ni mteremko. Katika kilomita zake za mwanzo mto hushuka kwa kasi kutoka vilimani. Kuanzia Kigogo hadi baharini mteremko ni mdogo mno. Maji yaliyokuwa yakikimbia hulazimika kutembea, na maji yanayotembea hayawezi kubeba mzigo yaliyoubeba yakikimbia. Basi mchanga hutuliwa papo hapo, Kigogo, Mchikichini na Jangwani, mafuriko baada ya mafuriko, mwaka baada ya mwaka.

Bonde lilichimbwa wakati bahari iko mbali

Sasa turudi kwenye swali letu. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa katika kilele cha enzi ya mwisho ya barafu. Maji mengi yalikuwa yameganda katika nchi za kaskazini, na kwa sababu hiyo usawa wa bahari ulikuwa chini ya usawa wa leo kwa kiasi cha mita 120. Ufuko wa wakati ule haukuwa hapa ulipo. Mito ya pwani yetu ililazimika kushuka zaidi ili kuifikia bahari, na mto ukishuka zaidi huchimba zaidi. Hivyo ndivyo Msimbazi, pamoja na mito mingine midogo ya jirani, ulivyokata bonde la kina ndani ya ngazi za mchanga na matumbawe ambazo leo zimebeba majumba ya Kariakoo, Upanga na Magomeni.

Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, na ikakaribia usawa wa leo miaka elfu sita au saba iliyopita. Iliingia mabondeni. Bonde la upande wa kusini, ambako mto Mzinga na wenzake huteremka, lilizama na kubaki na kina kikubwa. Hiyo ndiyo bandari salama iliyomvutia Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake hapa katika miaka ya 1860. Bonde la Msimbazi nalo lilizama mdomoni, lakini mchanga wa Pugu ulianza kulijaza. Kilichobaki leo ni hori, yaani mkono mwembamba wa bahari uingiao nchi kavu pale Selander, wenye mikoko kandokando, na nyuma yake uwanda mpana wa mashapo.

Hili ndilo jibu. Bonde tulionalo lilichimbwa katika hali ambayo haipo tena, na sakafu yake tambarare imetandikwa na mto wenyewe kila ulipofurika. Mwanajiografia huuita uwanda wa mafuriko, na jina hilo lichukuliwe kwa maana yake kamili. Mkondo mwembamba tuuonao Agosti ni njia ya mto wakati wa kiangazi. Uwanda wote, kutoka ukingo hadi ukingo, ni njia yake wakati wa masika. Mtu ajengaye uwandani hajajenga kando ya mto, bali amejenga ndani yake.

Pale Selander kuna jambo ambalo watu wa pwani hawahitaji kufundishwa. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Dar es Salaam huzidi mita 3. Maji ya bamvua huingia horini na kusimama kama mlango uliofungwa. Mafuriko yakiteremka kutoka Pugu yakakuta mlango umefungwa, hurudi nyuma na kutandaa Jangwani. Mvua ile ile ikinyesha wakati wa maji mafu, au ikifika wakati bahari imekupwa, hupita kwa madhara machache zaidi. Kwa hiyo mkazi wa bondeni anayetazama mawingu peke yake, asitazame mwezi, ametazama nusu tu ya hatari.

Mji wapanda ngazi na kulipa bonde mgongo

Wazee waliotangulia walijua tofauti ya nchi ya juu na nchi ya bondeni, na majina ya mahali, ambayo ni ushahidi usiogharimu kitu, yanaonyesha hivyo. Mchikichini ni mahali pa mchikichi, mti wa mawese, ambao hupenda ardhi yenye unyevu. Jangwani ni mahali patupu, pasipo miti wala makazi. Mwandishi anadhani kuwa chumvi ya bahari na maji ya mafuriko ndiyo yaliyopaacha hivyo. Hata leo, ndani ya kata ya Mchikichini, kuna mtaa uitwao Msimbazi Bondeni. Anayetafuta kiwanja angefaa kusikiliza jina kabla ya kuuliza bei.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mji wao ulikaa juu ya ngazi kavu karibu na bandari. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, nayo ilipangwa juu ya ngazi. Baadaye ilikuja Ilala, na katika miaka ya 1950 ikajengwa Magomeni upande wa pili. Kila mtaa mpya uliruka bonde na kutua ng'ambo. Bonde lenyewe likaachwa kwa mpunga, mboga, viwanja vya mpira na mikutano ya siasa. Wapangaji wa mji wa zamani walikuwa na makosa mengi, na ubaguzi wa kuwatenga watu kwa rangi zao ndio mkubwa kuliko yote. Lakini kosa la kujenga Jangwani hawakulifanya.

Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu 5,383,728. Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1979 uliliweka bonde la Msimbazi katika ardhi ya hatari isiyofaa kwa makazi. Nyumba zilijengwa vivyo hivyo, na ni rahisi kuwalaumu wajengaji. Lakini tutafakari. Mtu anayebeba mizigo Kariakoo au kuuza mitumba sokoni Mchikichini anahitaji kuwa sokoni kabla ya jua kuchomoza. Chumba cha bondeni ni cha bei nafuu na kiko umbali wa kutembea kwa miguu. Mafuriko huja siku chache katika mwaka, ilhali nauli hulipwa kila siku. Hesabu hiyo si ya kijinga. Upungufu wake ni kwamba uhai wa mtoto hauwezi kuingizwa ndani yake.

Hata taasisi zilizokuwa na ramani mkononi zilifanya vivyo hivyo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, karakana na maegesho yake yalikuwa yamejengwa Jangwani, katikati ya uwanda. Mafuriko yaliingia humo zaidi ya mara moja na kuharibu mabasi. Kosa la mpangaji mmoja mwenye kalamu huzidi makosa ya wapangaji chumba elfu moja.

Hesabu ya mvua moja

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo, na hapa tunamwomba mwanafunzi achukue kalamu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Kilomita 1 ya mraba ina mita za mraba 1,000,000. Kwa hiyo milimita 1 juu ya kilomita 1 ya mraba huleta lita 1,000,000, yaani mita za ujazo 1,000. Dar es Salaam hupata kiasi cha milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Tuchukue siku moja ya mvua kubwa yenye milimita 60, na tuseme imenyesha sawasawa juu ya beseni zima la kilomita 290 za mraba:

290 × 60 × 1,000 = mita za ujazo 17,400,000.

Si maji yote hayo yafikayo mtoni. Mengine hunywewa na ardhi, mengine hushikwa na majani na kurudi hewani. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba beseni limefunikwa na msitu na mashamba, na kwamba sehemu moja kati ya tano ndiyo itiririkayo juu ya ardhi. Mto utapokea mita za ujazo 3,480,000. Sasa tuliezeke beseni lile lile kwa mabati, tulisakafie kwa saruji na lami, na nyua zake tuzishindilie kwa nyayo za watu, hata sehemu tatu kati ya tano zitiririke. Mto utapokea mita za ujazo 10,440,000. Kama maji hayo yangemwagwa juu ya kiwanja cha mpira chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 70, na kuzuiwa yasimwagike pembeni, katika hali ya kwanza yangefikia kimo cha karibu mita 500, na katika hali ya pili karibu mita 1,500.

Mvua ni ile ile. Mbingu hazikubadilika, kilichobadilika ni ngozi ya nchi. Tena kuna jambo ambalo hesabu hii hailionyeshi: maji ya ardhini hutembea polepole na kuufikia mto baada ya siku nyingi, ilhali maji ya bati na lami hufika kwa saa chache, yote pamoja. Ndiyo maana mzee aliyeishi Kigogo tangu ujana wake husema kweli anapodai kwamba zamani maji yalipanda taratibu na watu wakapata nafasi ya kuhamisha vyombo. Hali kadhalika, ndiyo maana mto wa leo hukauka zaidi wakati wa kiangazi: maji ambayo yangehifadhiwa ardhini yamekwisha kwenda baharini tangu Aprili.

Nilipokuwa masomoni nchini Kanada niliona jambo hili katika sura ambayo sikuitazamia. Mji wa Regina umejengwa katika mbuga tambarare isiyo na kilima, kando ya kijito kiitwacho Wascana. Wakati wa kiangazi kijito hicho hakimtishi mtoto. Lakini theluji ya miezi yote ya baridi hulala juu ya ardhi, na inapoyeyuka wakati wa majira ya kuchipua, udongo wa chini bado umeganda kama jiwe. Udongo ulioganda haunywi maji. Mbuga nzima huwa kama paa la bati, na kijito huwa mto. Barafu yao na saruji yetu hufanya kazi moja. Tofauti ni kwamba barafu yao huyeyuka kila mwaka. Mwaka 1883 watu wa Regina walikiziba kijito chao wakapata ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati wa shida kuu ya uchumi, zaidi ya wanaume 2,000 wasio na kazi walilichimba kwa sepetu ili kuongeza kina. Na kuanzia mwaka 1962 ardhi ya kandokando ikawekwa chini ya mamlaka maalumu kuwa bustani ya watu wote. Bustani ikifurika, hakuna anayelala humo.

Mchanga na taka

Tumesema kwamba Msimbazi ulizaliwa ukiwa na mzigo wa mchanga. Misitu ya Pugu ilipokatwa kwa ajili ya mkaa, na miteremko ya kandokando ya mto ilipofunguliwa kwa ujenzi, mzigo huo uliongezeka. Kwa upande mwingine, wachimba mchanga wa ujenzi huchimba kingo na kuzifanya zianguke, nyumba zikafuata. Kwa hiyo mto hupanuka huko juu na kujazwa huku chini. Chini ya daraja la Jangwani mashapo yamepandisha sakafu ya mkondo, ukabaki uwazi mdogo wa kupitishia maji. Ndiyo sababu Barabara ya Morogoro hufungwa mara kwa mara nyakati za mvua kubwa na jiji kukatika vipande viwili.

Juu ya mchanga kuna taka. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kutupa taka karibu na nyumba zao, na Mahakama Kuu ikaamuru utupaji huo ukome. Kesi hiyo hufundishwa hadi leo katika masomo ya sheria ya mazingira. Ilipita miaka kadhaa kabla jaa la Tabata halijafungwa. Kisha taka zilipelekwa wapi? Zilipelekwa Vingunguti, bondeni mwa Msimbazi wenyewe. Mwandishi hajui mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi kwamba mto mmoja ni kitu kimoja.

Machinjio, viwanda na vyoo navyo vimeyatumia maji hayo hayo kama mtaro, ilhali wakulima wa bondeni huyachota kumwagilia mchicha na matembele. Mwaka 1999 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Walipima kadmi, shaba, risasi na zinki. Shaba na zinki mwili huzihitaji kwa kiasi kidogo. Kadmi na risasi hauzihitaji kabisa, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Zote nne zilionekana katika mboga. Kuosha mchicha huondoa tope na vijidudu vilivyo juu ya jani, lakini hakuondoi kile ambacho mmea umekinywa kwa mizizi.

Desemba 2011 na baada yake

Kati ya tarehe 20 na 22 Desemba 2011 ilinyesha mvua kubwa katika jiji la Dar es Salaam. Ilikuwa mvua ya vuli, si ya masika, na wengi hawakuitazamia. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, wengi wao wakazi wa mabondeni. Watu walipanda juu ya mapaa, na helikopta zikatumika kuwaokoa. Mwanzoni mwa mwaka 2012 Serikali iliwapa baadhi yao viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji upande wa kaskazini. Huko hakuna mafuriko ya Msimbazi, lakini pia hakuna Kariakoo. Baadhi yao walirudi bondeni. Mafuriko mengine makubwa yalikuja Aprili 2018, na mengine tena katika miaka iliyofuata.

Kutokana na misiba hii ziliibuka juhudi mbili ambazo walimu wangefaa kuzijua. Ya kwanza ni Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wakazi wa mitaa, walipita nyumba hadi nyumba wakichora mitaro, vichochoro na alama za kimo cha maji ukutani. Wazee walionyesha kwa mkono maji yalipofika, na mwanafunzi akapima kwa futi. Ya pili ni mradi wa uendelezaji wa bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022. Mradi huo unajumuisha daraja jipya lililoinuliwa Jangwani, kuuchimba na kuupanua mkondo, kuihamisha karakana ya mabasi, na kugeuza sehemu ya uwanda kuwa bustani ya jiji. Wakazi wa sehemu ya chini ya bonde walianza kulipwa fidia, na katika mwaka 2024 nyumba zao zikabomolewa.

Kwa maoni ya mwandishi, wazo la bustani ni sahihi, na limechelewa kwa miaka 40 na zaidi. Mpango Mkuu wa 1979 ulikuwa umekwisha kulisema. Lakini kazi ya Jangwani ni kazi ya mwisho wa mto. Beseni liko juu. Kila paa linaloezekwa Kinyerezi au Ulongoni bila shimo la kunywea maji ya mvua, na kila mti unaokatwa Pugu, ni mchango mdogo katika maji yatakayofika Mchikichini. Daraja linaweza kujengwa likakamilika; kazi ya juu haina siku ya kukamilika, na hakuna anayealikwa kuifungua kwa kukata utepe.

Jaribio kwa wanafunzi

Maji ya Msimbazi yasiguswe. Yana vijidudu na sumu. Jaribio lifuatalo hufanyika katika uwanja wa shule. Chukua kopo la maziwa ya unga, ulitoboe chini hata liwe wazi pande zote mbili. Ligongomee ardhini kiasi cha sentimita 3 kwa kutumia kipande cha ubao, katika sehemu tatu: chini ya mti penye majani makavu, katika shamba la shule lililolimwa, na katika njia inayokanyagwa kila siku kwenda darasani. Mimina nusu lita ya maji katika kila kopo na upime kwa saa muda ambao maji yatatumia kunywewa yote. Andika dakika katika jedwali. Usishangae kama njiani kengele ya kipindi itagonga kabla maji hayajaisha.

Kisha pima urefu na upana wa paa la darasa lako, ukokotoe lita ambazo mvua ya milimita 60 ingeleta juu yake. Paa la mita 20 kwa mita 10 litatoa lita 12,000. Mvua itakaponyesha, mwalimu na awaruhusu wanafunzi wafuate, chini ya uangalizi wake, maji ya paa hilo kutoka kwenye mfereji hadi yanapotoka nje ya uzio wa shule, kisha washike ramani ya jiji na kuandika majina ya mitaa yote ambayo maji hayo yatapita kabla ya kufika baharini.